Landrova ya Kumbeba Mtani

Zamani gari likikufia njiani ulimtafuta mtani wako, ukamtukana, naye akaja na spana zake. Siku hizi unamtafuta kijana kwa simu, anakuita mzee wangu, na boneti halijafunguliwa bei imeshatajwa.

Mfaume Kondo, Mzaramo wa Tandika, aliishi sehemu kubwa ya maisha yake katika ile zamani, na kwa bahati mbaya Mungu akamjalia umri wa kuiona na hii ya sasa. Kazi yake ilikuwa kuleta mihogo, magimbi na mananasi kutoka mashamba ya Chanika na kwingineko huko nyuma ya Pugu mpaka soko la Temeke. Gari lake lilikuwa Landrova ndefu ya dizeli, kijani iliyopauka, aliyoinunua mnadani mradi mmoja wa maji ulipofungwa na wenye mradi wakarudi kwao. Enzi hizo njia ya Chanika ilikuwa mfinyanzi mtupu. Masika ikiingia, malori yalilala njiani na madereva wakapika ugali chini ya bodi wakisubiri jua. Landrova ilipita. Ilipita ikilia, ikimwaga oili, ikiyumba kama mlevi anayetoka ngomani, lakini ilipita.

Kuvuja ndiyo ilikuwa tabia yake ya kwanza. Ilivuja kwenye injini, ikavuja kwenye giaboksi, ikavuja kwenye difu zote mbili. Kila ilipolala Mfaume aliisukumia sinia kuukuu uvunguni, na alfajiri, baada ya swala, aliinama kulisoma lile sinia kama mganga anayetazama mkojo wa mgonjwa. Tabia yake ya pili ilikuwa kuruka gia ya tatu. Mkewe, Bi Somoe, alipopanda mbele ilikuwa kazi yake kuishikilia fimbo ya gia kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umekumbatia kikapu, na wakifika kwenye mteremko alikuwa akisema, "Sasa niiachie, au bado unanitumikisha?" Tabia ya tatu ilikuwa shafti ya nyuma. Ilikatika kama muwa, tena siku zote gari likiwa na mzigo na mvua ikinyesha.

Fundi wa tabia hizo zote alikuwa Augustine, Mnyamwezi wa Sikonge, aliyeshuka na gari moshi akiwa kijana asiye na ndevu na asirudi tena. Gereji yake ilikuwa Ukonga: kibanda cha mabati, shimo la kuingilia chini ya gari, na benchi moja la wateja ambalo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Siku Mfaume alipofika hapo mara ya kwanza, akivutwa na trekta, Augustine hakuuliza gari lina nini.

"Kabila gani wewe?"

"Mzaramo."

"Alaa! Ndiyo maana limekufa. Mmezoea kucheza ngoma, gari mnalichezea vilevile."

"Na wewe je?"

"Mnyamwezi."

"Mungu mkubwa!" Mfaume akapiga makofi. "Babu yako alibeba pembe za watu kichwani kutoka Tabora mpaka pwani, kwa miguu, gari hajaliona. Leo mjukuu anajidai anazijua injini!"

Augustine aliiweka spana chini, akacheka mpaka akakaa kwenye lile benchi, na benchi likaanguka.

Pengine wapo wasomaji vijana wasioujua utani, kwa hiyo na uelezwe. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu misafara ile ya pembe. Mtani hukutukana na huruhusiwi kununa. Huchukua kitu chako mbele ya macho yako na huruhusiwi kudai. Ukifa, yeye ndiye huvaa nguo zako akaigiza mwendo wako, akakutukana ukiwa umelala, kisha akajilaza mlangoni maiti isitoke mpaka apewe kitu kidogo. Akishapewa, ni sharti ainuke aache njia. Wazee hawakuuanzisha mchezo huo kwa utovu wa adabu. Walijua kwamba mfiwa asipocheka hata mara moja katika matanga, kuna kitu ndani yake hupasuka.

Basi kati ya watani hao wawili, spea Mfaume alinunua kwa pesa yake, lakini mikono ya Augustine haikuwa na bei. Siku ya kushusha giaboksi Bi Somoe alituma wali wa nazi na samaki wa kupaka. Augustine alikula, akasema chakula hiki ni kibaya kama tabia ya mpishi, akaomba kingine. Jioni alipanda juu ya mzigo, akachagua nanasi kubwa kuliko yote, akaondoka nalo akichechemea. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepondwa na jeki iliyoteleza. Mfaume aliuigiza uchechemeaji ule mbele ya wateja wote, na aliyecheka zaidi ni mwenye mguu. Ovaroli moja ya Augustine, ya buluu, iliachwa chini ya kiti cha Landrova, ili akiitwa njiani asichafue nguo za nyumbani.

Kisha lami ikafika Chanika. Watu walishangilia, na hawakukosea kushangilia. Lakini lami ilipokuja, magari madogo ya mizigo, mepesi, yasiyovuja, yalikuja nayo, na wenye mashamba wakaacha kuisubiri Landrova. Mfaume akabaki na safari ya kuokoteza, ya kuni au ya matofali. Upande wa Augustine mambo hayakuwa tofauti. Figo zilianza kumsumbua, macho yakafifia, na binti yake, Gladness, aliyesoma akapata kazi ya benki, akawajengea wazazi wake nyumba nzuri Chanika yenye geti. Kiwanja cha gereji akakikodisha. Ni haki kusema Gladness alikuwa mtoto mwema. Wema wa siku hizi ndivyo ulivyo, unakutoa mahali pako ukakuweka pazuri zaidi.

Mara mbili kwa wiki Augustine alipelekwa mjini kusafishwa damu. Siku moja dereva aliyekodiwa hakutokea wakati wa kumrudisha. Augustine hakumpigia simu bintiye. Alimpigia Mfaume.

"Mzaramo. Lete lile kopo lako."

Walifika mlima wa Pugu taratibu, Augustine akiwa mbele, ameishikilia fimbo ya gia kwa mkono uliokonda kama ufagio. Katikati ya mlima akanusa.

"Unasikia harufu hiyo?"

"Yako hiyo."

"Maji yanachemka. Zima gari, mjinga wewe!"

Mfaume alizima. Mvuke ulitoka pande zote za boneti. Alishuka na kitambaa mkononi, na Augustine, ambaye hakuweza kushuka, akampigia kelele kutoka kitini.

"Usifungue rejeta! Itakuchubua huo uso, na mkeo atakosa wa kumcheka! Chomoa kijiti cha oili. Kikoje?"

Mfaume alikichomoa akakitazama. Oili ilikuwa nyeupenyeupe, nzito, kama chai ya maziwa.

"Kama chai."

"Basi maji yameingia kwenye oili. Hedi ya injini imepasuka. Mwenzangu huyu."

Walikaa kando ya barabara wakisubiri ipoe, ingawa wote wawili walijua kwamba kupoa hakutasaidia. Magari yaliwapita, mengine yakipiga honi. Augustine aligonga dashibodi kwa kidole.

"Mfaume." Hakuwa na desturi ya kumwita jina lake. "Nikifa, hii ndiyo itakayonibeba."

"Hii? Si utaoza njiani?"

"Yale meupe ya kukodi yana kiyoyozi. Nitapata mafua."

"Na ikinizimikia hapa mlimani?"

"Ndiyo raha yake."

"Nitakuamsha utengeneze."

"Niamshe," alisema Augustine. "Lakini uje na wali." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha mpaka Gladness alipofika na gari lake. Mama yake, alipoona baba anachelewa kurudi, alikuwa amempigia simu.

"Shikamoo, mzee Mfaume."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, kwa nini hukuniambia? Gari hili lingekuua."

Akamsaidia baba yake kuhamia kiti cha ngozi. Kioo kilipopandishwa Augustine alikuwa bado anasema kitu, pengine tusi, lakini halikusikika.

Mfaume alitafuta lori likaivuta Landrova mpaka Ukonga, mpaka kiwanja kilekile. Aliyekuwapo sasa ni Godlisten, kijana mpole, fundi wa kweli, mwenye ukuta wa matofali, sakafu ya saruji na kifaa cha kusomea magonjwa ya magari. Kifaa hicho Landrova haikuwa na pa kukichomeka. Baada ya kuifungua alimwita Mfaume pembeni, kama daktari amwitavyo ndugu wa mgonjwa.

"Mzee wangu, hedi ina ufa. Kuchomelea nitakudanganya, haitakaa. Ya mtumba naweza kukutafutia, milioni na laki mbili. Hapo bado gasketi, pampu ya maji, na rejeta imeziba kwa kutu. Ukijumlisha na mkono wangu, weka milioni mbili na nusu, tukimaliza salama."

"Na wali?"

"Wali gani, mzee wangu?"

Mfaume alitazama pale palipokuwa na lile benchi. "Basi. Endelea."

"Mzee wangu, nikushauri kama mwanao. Iuze. Kuna wenye migahawa kule Msasani wananunua Landrova za zamani, wanaziweka mlangoni, wanapanda maua ndani ya boneti. Hawajali kama inatembea."

"Mimi najali. Inatakiwa itembee."

"Kwenda wapi?"

"Chanika. Mara moja tu."

Nyumbani kulikuwa na mabati na mifuko ya saruji, akiba ya kumalizia chumba ambacho paa lake lilikuwa turubai. Mfaume aliyazunguka mabati yale siku nzima kabla ya kusema. Bi Somoe alimsikiliza huku akichambua mchele.

"Yaani unauza bati zangu ukaitengeneze Landrova imbebe mtu ambaye hajafa."

"Ndiyo."

"Na masika hii mie nilale wapi? Chini ya Mnyamwezi?"

Bi Somoe aliendelea kuchambua mchele, kisha akaupuliza pumba.

"Uza. Nikikataa, yule mwehu atakuja kunicheka mpaka kaburini. Lakini umwambie wali wangu haujawahi kuwa mbaya."

Mabati yakauzwa, saruji ikauzwa, na kilichopungua Mfaume alikopa msikitini. Godlisten alifanya kazi nzuri. Hilo pia ni haki kulisema. Sesilia, mke wa Augustine, alipopiga simu asubuhi moja akashindwa kusema, akabaki akipumua tu kwenye simu, Landrova ilikuwa uani, hedi nyingine kifuani, na sinia chini yake lilikuwa na matone mawili tu ya oili, kama kwamba gari limeambiwa.

Siku ya mazishi Landrova iliwaka kwa jaribio la kwanza. Kwa miaka mingi ilikuwa haijafanya hivyo. Bi Somoe, ambaye magoti yalimzuia kwenda, alikuwa ametandika nyuma mkeka mpya wa ukindu, juu yake kanga mbili zisizovaliwa bado, na pembeni akaweka sufuria ya wali iliyofungwa kwa kitambaa. Mfaume alipanda mlima wa Pugu polepole, sikio likiwa kwenye injini. Pale walipokaa alipunguza mwendo. Mshale wa joto haukutikisika.

Nyumbani kwa Augustine kulikuwa na mahema meupe, viti vilivyovishwa vitambaa, mshereheshaji mwenye kipaza sauti, na vijana waliovaa fulana zenye picha ya marehemu. Picha ile ilipigwa akiwa na suti. Mfaume alikuwa hajawahi kumwona na suti. Mbele ya geti lilisimama gari jeupe refu, la vioo, limejaa maua. Alilitazama, akajiambia labda ni la mapambo. Akaiegesha Landrova, akaitoa ovaroli ya buluu chini ya kiti, akaenda nyuma ya gari, akaivaa juu ya kanzu. Ilinukia dizeli na mtu.

Hapo ndipo alipofanya alichotakiwa kufanya. Padri alipomaliza sala, vijana wakainama kulinyanyua jeneza, Mfaume aliingia akichechemea mguu wa kulia, spana mkononi, akajilaza kwenye kizingiti.

"Hatoki mtu hapa!" alipaza sauti. "Nani amempa ruhusa Mnyamwezi kupumzika? Mvivu mkubwa! Gari langu ameliacha wazi, oili inamwagika, yeye amelala kama bwana harusi! Mananasi yangu yote ameyala, hata ganda hakurudisha! Amka! Amka ukaze nati!"

Akasubiri. Hapo ndipo kicheko hutoka. Zamani mtu mmoja angejibu kwa tusi jingine, mwingine angemvuta mguu, wanawake wangepiga vigelegele katikati ya kilio.

Hakuna aliyecheka. Mshereheshaji alishusha kipaza sauti. Vijana wawili watatu wakatoa simu wakaanza kurekodi. "Huyu babu vipi?" mmoja aliuliza. "Kavuta?" Mwingine akasema anamdai marehemu hela ya gari, mafundi ndivyo walivyo, hata wakifa hawaachwi na wateja.

Alicheka Sesilia peke yake. Alikuwa mkekani pembeni, sauti imemkauka kwa siku za kulia, na kicheko chake kilitoka kama mtu anayekohoa, machozi yakimwagika upya. "Mwacheni," alisema. "Mtani wake huyo. Mwacheni amseme." Lakini sauti ile haikuvuka watu watatu, na waliokuwa karibu naye walimkumbatia, wakimwambia, "Pole mama, jikaze mama," wakidhani amechanganyikiwa.

Gladness alikuja akainama juu ya Mfaume. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mzee Mfaume, tafadhali. Siyo leo."

"Leo ndiyo yenyewe, mwanangu. Kesho nitamtania nani?"

"Watu wa kazini kwangu wapo hapa."

"Nimeleta gari. Alisema nimbebe mimi, kwa Landrova. Nimeshaitengeneza."

"Alisema lini?"

"Pale Pugu, siku ile."

"Baba alikuwa anaumwa, mzee wangu." Sauti yake ilikuwa laini, hata na huruma ndani yake. "Mambo yote tumeshapanga. Na mama umeona alivyo."

Akafungua mkoba, akatoa noti, akazikunja, akaziingiza kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli, mfuko ambao mama yake aliushona kwa uzi mwekundu. Hakuitambua. Aliona nguo chafu tu.

Mfaume alibaki amelala, spana kifuani. Kama angemtukana, angejua la kujibu. Kama vijana wangemvuta miguu, angeshikilia mlango kwa meno. Lakini mtani amepewa kitu mlangoni, na mtani akishapewa kitu huinuka akaacha njia. Ndivyo mila ilivyo, ndivyo alivyofundishwa na babu yake, na katika nyumba ile hakuwapo mwingine wa kuitii isipokuwa yeye. Akainuka. Magoti yalimsumbua na hakuna aliyempa mkono. Akajibanza ukutani, na jeneza likapita karibu sana na kifua chake.

"Somoe anasema wali wake haujawahi kuwa mbaya," alinong'ona.

Wakamwingiza kwenye gari jeupe.

Mfaume alitaka angalau kufuata. Njia ya kwenda makaburini, kutoka kwenye lami, ilikuwa bado ule mfinyanzi wa zamani, ingawa mvua ilikuwa imekatika juma zima na ulikuwa umekauka. Hata gari la maua lingepita bila taabu. Alipanda Landrova, ikawaka mara moja tena, akaingia kwenye msafara. Kijana mwenye kizibao cha kung'aa akamjia mbele akipunga mikono.

"Babu, babu! Weka pembeni kwanza. Moshi huo wageni watashindwa kupumua. Acha wapite, utafuata nyuma."

"Mie ni mtani wake."

"Sawa babu, hata wewe utafika. Pembeni kwanza."

Akaiweka pembeni, kwenye majani, hakuizima. Injini ilinguruma vizuri, sawasawa, kama haijawahi kulia maishani mwake. Nyuma yake mkeka ulikuwa umetandikwa, kanga hazijakunjamana. Gari jeupe likatoka getini, likampita. Kupitia kioo aliona maua, na chini ya maua mbao inayong'aa. Lililofuata lilikuwa la Gladness. Kioo cha nyuma, cheusi, kilishuka kidogo, na uso wa Sesilia ukatokea kwenye ufa ule.

"Mzaramo!" alipaza ile sauti yake iliyokauka. "Hata leo umechelewa!"

Mfaume alifungua mdomo amrudishie, maana tusi la mtani halilazwi. Lakini mkono wa mtu ndani ya gari ulikuwa umeshagusa kitufe, kioo kikapanda, na gari likasogea. Baada ya mazishi Sesilia alichukuliwa na binti yake kwenda kuishi mjini, nyumba ya Chanika ikapangishwa, na tusi lile halijajibiwa mpaka leo.

Hivyo ndivyo alivyowaona mara ya mwisho: mwanamke nyuma ya kioo cheusi, na mbele yake Augustine wa Sikonge, ndani ya gari jeupe lililoteremka njia ya mfinyanzi bila kelele, lisiache nyuma yake hata tone moja la oili.